Upande Mweupe, Upande Mweusi

Washarika wanaonifahamu wanajua kwamba mchungaji wao anapenda roki. Vijana wa kwaya hunitania kwa hilo, na wazee wawili watatu wamewahi kuniuliza, kwa upole wa wazee wa Machame, kama zile kelele zinaendana na kola ninayovaa. Naelewa wanakotoka. Masikio yetu yamelelewa na nyimbo za kitabu na tarumbeta, na nyumbani kwenye redio tumelelewa na Jim Reeves na Don Williams, ambao kwa Wachaga wengi ni kama wajomba waliohamia Marekani. Roki nzito, ile ya magitaa yanayonguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, wengi hawakuizoea, na mtu huogopa asichokizoea. Kila mwaka katika darasa la kipaimara yupo kijana mmoja au wawili wanaoisikiliza kwa kificho, na yupo mzazi anayenijia amefadhaika, akiamini kwamba mwanawe ameingia Freemason.

Ninaandika kwa ajili ya hao wote wawili: wapenzi wa roki waliomo katika sharika zetu, ambao ni wengi kuliko wanavyojionyesha, na wazazi wao. Nataka kuwapendekezea albamu moja. Si albamu ya Kikristo na haina mahubiri ndani yake. Lakini katika miaka ya utumishi wangu, hasa kwenye mazishi, imenisaidia kulishika fundisho ambalo kanisa letu limelibeba tangu Luther na ambalo kila kizazi hulipokea kwa shida: kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja.

Albamu hiyo ni Queen II, ya bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Ilitoka Machi 1974. Mwimbaji wake alizaliwa Unguja.

Mtoto wa Unguja

Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi, jamii iliyotoka India lakini yenye asili ya Uajemi. Baba yake alikuwa akishughulika na fedha za mahakama katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, na familia ikahamia Uingereza, katika mji wa Feltham karibu na London. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Waparsi ni wafuasi wa nabii Zoroaster. Katika imani yao ulimwengu ni uwanja wa mapambano kati ya wema na uovu, kati ya nuru na giza, na kila mtu anatakiwa kuchagua upande. Sijui ni kiasi gani cha mafundisho hayo alibaki nacho alipokuwa mtu mzima. Najua kwamba aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, na najua kwamba akiwa kijana alishiriki kutengeneza albamu ambayo upande wake mmoja unaitwa Mweupe na mwingine unaitwa Mweusi.

Wapo wanaodhani kwamba mtu huyu hakuwahi kumtaja Bwana wetu. Katika albamu ya kwanza ya Queen, iliyotoka Julai 1973, upo wimbo alioutunga yeye uitwao "Jesus". Unasimulia, miongoni mwa mengine, mwenye ukoma aliyeanguka miguuni pa Yesu akaguswa na mkono wake. Sisemi hayo ili kumfanya Mkristo baada ya kufa kwake; hiyo si kazi yangu. Nasema tu kwamba alilijua jambo la mtu anayekimbiwa na watu na kuguswa na Mmoja. Tutarudi hapo.

Santuri yenye pande mbili

Vijana wa leo hupokea muziki kwa simu, wimbo mmoja mmoja, kwa hiyo niwaeleze. Zamani albamu ilikuwa santuri, sahani kubwa nyeusi yenye pande mbili. Ulisikiliza upande wa kwanza hadi mwisho, ukainuka, ukaigeuza. Kwa kawaida pande hizo ziliitwa kwa namba au herufi. Queen walifanya tofauti: upande mmoja uliandikwa White, yaani Mweupe, na mwingine Black, yaani Mweusi. Hata jalada lilifuata mpango huo. Nje kuna sura nne zinazotokeza katika giza; ukilifungua jalada, unawaona watu walewale wanne wamevaa nyeupe.

Mimi sikuipata kama santuri. Niliipata mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, kwa fundi mmoja aliyekuwa akirekodi kaseti Moshi mjini. Kaseti nayo ilikuwa na pande mbili, basi mpango ule ulibaki salama. Niliisikiliza kwa redio ya kaka yangu, kwa betri tulizokuwa tukizianika juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi.

Sasa tuingie ndani. Upande Mweupe unafunguliwa na kipande kifupi kiitwacho "Procession", yaani maandamano. Hakina maneno. Ni mwendo wa polepole, wa heshima, kama watu wanaosindikiza jeneza. Mara ya kwanza nilidhani ni matarumbeta. Ni gitaa. Brian May, mpiga gitaa wa bendi, alirekodi sauti ya gitaa lake juu ya nyingine na nyingine tena mpaka likawa kundi zima. Gitaa lenyewe alilitengeneza kwa mikono akiwa kijana, pamoja na baba yake, na shingo yake ilichongwa kutoka katika ubao wa meko ya zamani. Kwenye jalada waliandika kwamba hakuna aliyepiga kinanda cha kielektroniki chenye sauti za kuundwa. Kila unachokisikia kimetoka kwenye mikono na makoo ya watu.

Mzee wa Machame anayedhani roki ni kitu cha kigeni kabisa, naomba asikilize kipande hicho tu. Tangu wamisionari wa Leipzig walipofika kwetu mwaka 1893, tumejifunza kumwabudu Mungu pamoja na shaba inayotikisa madirisha. Anayesema kwamba Mungu hapendi sauti kubwa hajasimama karibu na kundi la tarumbeta kwenye mazishi ya kwetu.

Baada ya maandamano unakuja "Father to Son": baba anamkabidhi mwanawe neno alilolipokea kwa baba yake. Sisi tunaorithishana kihamba tunauelewa bila tafsiri. Kisha "White Queen", wimbo wa mapenzi ya mbali yasiyofikiwa. Kisha "Some Day One Day", wimbo wa tumaini la siku ijayo. Hizo zote ni za May. Upande unafungwa na wimbo wa mpiga ngoma, Roger Taylor, "The Loser in the End", unaomtazama mama aliyelea mtoto kwa jasho, na mtoto akaondoka. Kina mama wengi wa mlimani, wenye watoto Dar es Salaam na ng'ambo, wangeutambua mara moja.

Tazama jambo hili: Upande Mweupe si upande wa furaha. Umejaa huzuni ya heshima, ile inayoweza kusemwa mbele za watu.

Kisha unageuza.

Upande Mweusi wote ni nyimbo za Freddie Mercury, sita kwa jumla. Unaanza na mlio wa ajabu: mwisho wa wimbo wa kwanza umepigwa kinyumenyume, kana kwamba kitu kinafyonzwa kutoka upande wa pili wa dunia. Halafu magitaa yanaingia kwa kasi ambayo wakati ule ni bendi chache zilizoijaribu. Huo ndio "Ogre Battle", vita vya majitu. Ndugu zangu mnaopenda Iron Maiden na Metallica, hapo mtamsikia babu yao. Wabishi wa roki hubishana kama Queen II ni hevi metali halisi, na kama albamu isiyo na hadithi moja inayoendelea inastahili kuitwa albamu ya wazo moja. Mimi huwaambia waupige wimbo huo kwa sauti kubwa, kisha waniambie. Majitu hayo, katika wimbo, yanaishi mlimani. Nami kijana wa Kilimanjaro sikuhitaji kuelezwa zaidi, maana bibi zetu walitusimulia juu ya Wakonyingo, watu wafupi wenye vichwa vikubwa wanaokaa kule juu karibu na theluji. Kila watu wenye mlima huweka ndani yake wanachokiogopa.

Bila kupumzika unafuata "The Fairy Feller's Master-Stroke". Wimbo huu unatokana na mchoro wa Richard Dadd, Mwingereza aliyekuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka 1843 Dadd alimuua baba yake mzazi. Akafungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na humo, kwa takriban miaka tisa, akachora picha ndogo yenye viumbe vidogo vingi mno katikati ya nyasi na maua, kila kimoja kwa uangalifu wa ajabu. Picha hiyo leo iko London katika jumba la sanaa la Tate. Freddie Mercury aliipenda, akaigeuza kuwa muziki wenye vipande vingi kama picha yenyewe. Kila niusikiapo namfikiria mtu yule. Siku mbaya kuliko zote za maisha yake haikuifuta karama aliyopewa, wala karama haikuifuta siku ile. Vyote viwili vilikaa katika chumba kimoja.

Kisha inakuja "Nevermore", dakika moja na kidogo ya piano na majonzi. Halafu "The March of the Black Queen", wimbo wa zaidi ya dakika sita unaogeuka na kugeuka: malkia wa giza mwenye majivuno na ukatili, halafu ghafla utulivu unaokaribia sala, halafu tena mshindo. Wanaoijua "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 watakutana na dada yake mkubwa. Na wimbo huo, bila kusimama, unamwagika ndani ya "Funny How Love Is", wimbo mwepesi unaosema kwamba upendo uko kila mahali. Mwishoni ni "Seven Seas of Rhye", uliotoka katika ufalme wa kubuni aliouwaza yeye na dada yake mdogo. Ni wimbo wa mtawala mwenye vitisho. Lakini vitisho hivyo vinapofifia, unasikia umati wa watu wa kawaida wakiimba pamoja wimbo wa likizo za pwani ya Kiingereza.

Kwa hiyo tuseme tulichokisikia. Upande Mweupe una simanzi. Upande Mweusi una upendo na upole uliofichika. Hakuna upande ulio safi, na hakuna upande uliolaaniwa.

Kabla sijaendelea, nina neno juu ya rangi. Mimi ni mtu mweusi na sikubali kwamba rangi yangu ni rangi ya dhambi. Udongo wa kihamba ni mweusi, nao ndio unaotulisha. Mawingu meusi juu ya Kibo ndiyo yanayotuletea maji. Mimi mwenyewe huvaa shati jeusi lenye kola nyeupe, na hakuna anayeuliza ni kipande kipi ndicho mchungaji. Ninapotumia maneno haya ninazungumzia kinachoonyeshwa watu na kinachofichwa watu.

Wasifu na minong'ono

Mazishi ya kwetu mnayajua. Jeneza liko uani, migomba imetuzunguka, tarumbeta zimenyamaza. Mmoja wa familia anasimama na karatasi na kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliwapenda watu, aliipenda kazi ya Mungu, ameacha mjane na watoto na wajukuu. Huo ni Upande Mweupe. Nyuma ya migomba, penye watu wa kahawa na watu wa mbege, unasomwa wasifu mwingine kwa sauti ya chini. Alidhulumu mpaka wa nani, alikuwa na nyumba nyingine wapi, aliugua nini hasa. Huo ni Upande Mweusi.

Nilipokuwa kijana, katika miaka ile ya tisini, tulizika sana. UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini kwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeshapanda mlima. Watu walirudi kutoka mijini wakiwa wamekonda, wakafia mikononi mwa mama zao. Ndugu mmoja wa ukoo wetu alikuwa miongoni mwao. Wasifu wake ulisema aliugua kifua kwa muda mrefu. Nyuma ya migomba hawakusema kifua. Nilisimama katikati, nikasikia zote mbili. Niliona kwamba waliosoma karatasi walikuwa wakimpenda, na kwamba waliosema kweli hawakuwa wakimpenda. Jambo hilo lilinikaa kooni. Je, hakuna mahali ambapo mtu anaweza kusemwa kweli na kupendwa kwa pumzi moja?

Usiku wa mazishi yale niliiweka kaseti ile. Nilikuwa nimeshajua kwamba mwimbaji wake alikufa kwa ugonjwa huohuo, London, tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Siku moja tu kabla ya hapo ndipo alipotangaza hadharani kwamba anaumwa. Freddie Mercury aliishi kwa namna ambayo kanisa letu halifundishi, na sina sababu ya kupamba. Lakini kijana yule niliyekuwa, mwenye swali lile kooni, alikuta kwenye kaseti mtu ambaye hakuusubiri umbea. Miaka kumi na saba kabla ya kifo chake alikuwa ameuweka upande wake wa giza kwenye santuri, akaupa jina, na mkanda mmoja ukashika pande zote mbili.

Alichokiona Luther

Nilipofika Makumira kusoma theolojia, nilikutana na mafundisho ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, aliyoyatoa Wittenberg mwaka 1515 na 1516. Katika sura ya saba Paulo analia kwamba lile jema analolitaka halitendi, na baya asilolitaka ndilo analolitenda. Walikuwapo waliosema kwamba hapo Paulo anasimulia habari za mtu asiyeamini bado. Luther alikataa. Alisema ni Paulo mtume, Paulo mwamini, anayezungumza juu ya nafsi yake. Mtu yuleyule ni mwenye haki kabisa kwa sababu ya Kristo, na ni mwenye dhambi kabisa akijitazama mwenyewe. Hakumaanisha nusu kwa nusu, wala leo hivi na kesho vile.

Wanafunzi wenzangu waliona fundisho hilo gumu. Mimi nilikuwa nimelishika kwa masikio tangu kidato cha pili. Hakuna duka lililouza upande mmoja wa Queen II. Ukiununua mmoja umeununua na wa pili.

Wapenzi wa roki wanaosoma sana wataniuliza kwa nini sikupendekeza albamu inayomhusu Luther mwenyewe. Ipo. Neal Morse, Mmarekani aliyeacha bendi yake baada ya kuokoka, alitoa mwaka 2007 albamu iitwayo Sola Scriptura, nyimbo nne, zaidi ya saa nzima, zenye magitaa mazito, juu ya maisha ya Martin Luther. Ni kazi kubwa na nimeisikiliza mara nyingi. Lakini humo giza liko hasa upande wa pili wa mlango, kwa watu wa Roma. Sisi Walutheri wa Machame tumepakana na Wakatoliki wa Kibosho. Tumeoana nao, tunazikana nao. Na tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, makanisa yetu mawili yalitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Albamu inayonionyesha giza la jirani hunipa nguvu kwa saa moja. Inayonionyesha giza langu hunifikisha kwenye ungamo.

Maana ndivyo tunavyoanza ibada zetu. Kabla ya nyimbo kushika moto na kabla ya neno kuhubiriwa, usharika mzima unasimama na kuungama: mzee wa kanisa, mama wa Jumapili, mtoto wa kipaimara, mchungaji. Hapo hakuna anayesoma wasifu wake. Kisha tunatangaziwa ondoleo. Swali lililonikaa kooni kijana nililipatia jibu hapo: mahali pa kusemwa kweli na kupendwa kwa pumzi moja papo, na kila Jumapili tunapita mlango wake.

Na wahenga wetu walikuwa na kivuli cha jambo hilo. Sale hupandwa mpakani na penye makaburi ya wazee. Sale hilohilo ndilo unalolipeleka kwa mtu uliyemkosea, ukiomba radhi. Mmea mmoja unaonyesha mahali mstari ulipo, na mmea huohuo unaomba kusamehewa kwa kuuvuka.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja mgonjwa aliniita nyumbani kwake. Baada ya Chakula cha Bwana akawaomba watoto watoke. Akaniambia, "Mchungaji, wasifu wangu watausoma wanangu, na utakuwa mzuri, nawajua. Nataka wewe uusikie ule mwingine." Akausema wote. Ulichukua karibu saa nzima. Nikamtangazia msamaha kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alilala vizuri usiku ule, mkewe aliniambia. Tulipomzika, nilisikiliza wasifu ukisomwa na nikaona minong'ono ikianza nyuma ya migomba, na kwa mara ya kwanza sikuiogopa kwa niaba ya marehemu. Hakuna aliyekuwa na neno ambalo Mungu hakuwa ameshalisikia na kulisamehe.

Namna ya kuisikiliza

Basi, wapenzi wa roki, nendeni mkaitafute. Inachukua dakika 41 hivi, fupi kuliko ibada zetu nyingi. Msiisikilize kwenye daladala. Vaeni vipokea sauti vya masikioni, kaeni chini, muanze na Upande Mweupe kwa utaratibu wake. Msiruke wimbo wa mama hata kama unawachosha. Mpigieni mama zenu simu baada yake. Kabla ya Upande Mweusi simameni kidogo, kama tulivyolazimika sisi tuliogeuza kaseti. Kisha uacheni uende bila kuukatiza, maana nyimbo zake zimeshonwa pamoja na ukiukata unachanika. Maneno mengine ni ndoto tupu, majina ya viumbe na falme zisizokuwapo. Msijichoshe kutafuta maana ya kila moja.

Mkiona kwamba ule wa pili unawavuta zaidi, msiogope na msijivune. Wengi tunavutwa hivyo. Jiulizeni tu ni nini humo mmekitambua.

Na ninyi wazazi, mtoto akifunga mlango na magitaa yakaanza kunguruma, gongeni hodi kabla ya kuja kwangu. Mama mmoja aliniletea mwanawe niombee atokwe na pepo wa muziki. Kijana alisema "shikamoo mchungaji" akiwa ameinamisha kichwa. Nilimwomba anionyeshe anachosikiliza. Tulikaa watatu, simu ikiwa mezani, mama akiwa na kitenge mdomoni. Baada ya nyimbo mbili mama akamuuliza mwanawe, "Kumbe una huzuni hivi?" Yule kijana akaitikia kwa kichwa. Tuliomba, ndiyo. Lakini tuliomba juu ya huzuni ile, ambayo sasa ilikuwa na jina.

Albamu hii ina mpaka wake, na ni haki niuseme. Inaweka pande mbili kwenye santuri moja, lakini haimtaji anayezishika zote mbili mkononi. Hilo haliwezi. Mtunga Zaburi ya 139 analiweza: anasema kwamba mbele za Mungu giza lenyewe si giza, na usiku hung'aa kama mchana. Sikilizeni albamu, kisha someni zaburi hiyo. Na siku wasifu wako utakaposomwa, ndugu yangu, usomwe mzuri. Wanao wana haki hiyo. Ule mwingine upeleke mapema kwa Yeye aliyemgusa mwenye ukoma.